Wiki ya Mapumziko Niliyokuchagulia, Dada

Nyumba ya mlango wa bluu,
Nyuma ya karakana ya majokofu.
Jumapili, tarehe 9 Novemba

Mpendwa Dada,

Vuta kiti ukae kwanza, maana barua hii haisomwi kwa kusimama. Bahati imenibishia hodi, na safari hii ilinikuta nyumbani. Mdogo wako nina wiki yangu. Si wiki ya kalenda kama waliyonayo watu wengine. Ni wiki ya hoteli, ya kumiliki, siku saba za Desemba kila mwaka kwenye nyumba ya mapumziko kando ya ziwa, vyumba viwili, jiko lake, veranda yake, mpaka siku nitakayozikwa. Na nikizikwa, watoto wanairithi. Umewahi kusikia mtu wa ukoo wetu ameacha urithi wa siku saba?

Lakini nisikurukie na mali kabla ya salamu. Hujambo, Dada? Mgongo unaendeleaje? Najua nyinyi wauguzi mnainamia wagonjwa mchana kutwa, halafu mnarudi nyumbani kuinamia sufuria. Wapwa zangu hawajambo? Mrefu bado anarefuka, au amegonga dari akatulia? Na mdogo wake, Kimya, bado anasoma vitabu huku anakula?

Sisi huku wazima. Wifi yako shingo ilimkaza wiki mbili, sasa inageuka pande zote, kwa hiyo ananiona kila nikitoroka vyombo. Mimi mwenyewe nazidi kung'aa, hasa kichwani, ambako nywele zimeamua kuhama bila notisi.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ipo. Ni Wakili, binti yangu mkubwa, aliyepata jina hilo kwa ubishi wala si kwa kusomea. Aliniambia, "Baba, ukiwa kwenye simu unakuwa redio. Shangazi hapati hata nafasi ya kuguna. Mwandikie." Nikamjibu kwamba kalamu ilinishinda tangu nikiwa darasani, na shule nikaiacha njiani kwa sababu hiyo hiyo. Akasema, "Vizuri. Utaandika polepole, utapata muda wa kufikiri." Ana miaka kumi na saba huyo, na ndiye ninayekaa naye meza moja kila siku.

Sasa nikueleze hii biashara ya wiki, maana huko wodini haya hayakufikii. Hoteli inakatwa vipande kama mkate, ila kisu kinapita kwenye siku, hakipiti kwenye vyumba. Nyumba moja, wenyewe hamsini, kila mmoja na wiki yake. Wewe ukitoka Jumamosi asubuhi, mwenzako anaingia jioni, shuka zimebadilishwa, hamjuani, na mnalalia godoro moja maisha yenu yote. Wifi yako aliposikia akasema kitanda hicho kimeolewa mitala.

Kuchagua ndiko kwenye kazi. Mimi hawaniiti Kipupwe bure. Nimefunga na kusafisha viyoyozi miaka ishirini na mbili, hoteli zote za huku nimezipoza mimi. Mtu wa kawaida akifika hotelini anatazama maua ya mapokezi. Mimi napanda ngazi nachungulia kichujio cha kiyoyozi. Nikikuta vumbi la kuweza kupandia maharage, basi hata mto wa kulalia siugusi.

Ya kwanza ipo mlimani. Hewa yake ungeitia kwenye chupa ukawapelekea wagonjwa wako. Bustani zimenyolewa kama kichwa cha bwana harusi. Lakini kila kona kuna kibao: kimya tafadhali, usikanyage nyasi, usikimbie. Mzee mmoja alinikemea kwa macho kwa sababu bisibisi yangu ilidondoka. Nikamfikiria mwanangu Chaji, yule wa miaka kumi na minne anayeishi pembeni ya soketi ya umeme, na kile kicheko chake kinachopasuka katikati siku hizi sauti inapobadilika. Wangetufukuza kabla hatujafungua mabegi. Nikaifuta.

Ya pili ni ile yenye mabwawa matano na mabomba ya kuteleza ya rangi za peremende. Huko nilikwenda na Wakili. Akakaa kwenye kiti chenye umbo la chura, magoti yakamfika kidevuni, akatazama kulia, akatazama kushoto. "Baba, hii ni chekechea yenye baa." Ni kweli. Watoto wa miaka sita pale wanafurahi mpaka wanalia, na baba zao wanakunywa mpaka wanalia. Mtu wa miaka kumi na saba hana pa kuweka miguu.

Hapo nikaanza kufikiri, jambo ambalo unajua silifanyi hovyo. Watoto wa umri huu, Dada, ukiwakaribia wanahama, ukihama wanakuja kukutafuta na njaa. Wangu mwaka huu mzima nimewaona migongo tu, mmoja ameinamia vitabu, mwingine simu. Hawataki mahali pa kubembelezwa. Wanataka mahali pa kwenda bila sisi, halafu wakirudi watukute palepale walipotuacha, tumekaa, tunapiga soga, chai ipo. Nikasema basi, tunatafuta veranda. Mengine yote ni nyongeza.

Ile ya ziwani haina mbwembwe. Rangi ya ukuta imechoka, na kibao cha getini kimedondosha herufi. Kwa mazoea ya kazi niliingilia mlango wa nyuma na boksi langu la vifaa, mlinzi hakuniuliza kitu. Nikapita jikoni, nikapita stoo, nikatokea chumba cha kufulia. Kuna mama pale anakunja shuka kubwa peke yake, pembe moja anaibana kwa kidevu, na zinatoka zimenyooka kama karatasi. Nikamuuliza wageni wa hapa ni watu wa namna gani.

"Wa kurudi," akasema.

"Mama, kila hoteli inasema hivyo."

"Hoteli inasema. Mimi nafua. Kuna watoto niliwafulia shuka walizokojolea, leo wananizidi kimo na wanakuja huku nyuma kunisalimia. Wewe fundi gani unayeuliza habari za wageni badala ya mashine?"

Nilicheka, nikaenda nyumba namba tisa kuchungulia kichujio. Kisafi. Nje kuna wavu wa voliboli, baiskeli, mtumbwi wa kupiga kasia, na gati la mbao ambalo vijana wanakaa wakining'iniza miguu na kuwasengenya wazazi wao. Veranda inatazama gati. Unawaona, na husikii wanachosema. Nikajua ndipo penyewe.

Jumamosi iliyofuata tukaenda wote wanne kwenye kikao chao cha kuuza wiki, na mimi nikaingilia mlango wa mbele, na koti. Kijana wa mauzo alikuwa na viatu vya kuweza kujitazamia meno. Aliniita Mheshimiwa mara kumi na moja. Wifi yako alihesabu.

Akatueleza raha zote, Wakili akamsikiliza hadi mwisho kwa adabu, halafu akaanza. "Na mwaka ambao hatuwezi kuja?"

"Wiki inabaki yenu, dada."

"Na ada ya matunzo?"

"Nayo inabaki yenu."

"Na tukitaka kuuza?"

Kijana akaanza kunyoosha karatasi ambazo zilikuwa zimeshanyooka. Wifi yako akakohoa, kile kikohozi chake kisicho cha ugonjwa.

Hapo Chaji, ambaye nilidhani hayupo nasi, akainua uso kutoka kwenye simu. "Nyumba inalaza wangapi?"

"Sita, bwana mdogo."

Akahesabu kwa vidole. "Sisi wanne. Shangazi, Mrefu, Kimya. Saba." Akafikiri kidogo. "Sawa, mimi nitalala verandani." Akarudi kwenye simu yake.

Dada, hakuna mtu aliyekuwa amewataja. Hata mimi sikuwa nimetamka. Mtoto huyu aliwaona mara ya mwisho akiwa na miaka minane, na bado kwenye hesabu yake mmo. Kijana wa mauzo alikuwa ananisogezea kalamu, na mimi natafuta leso.

Najua unachowaza sasa hivi. Unawaza ile nyumba.

Miaka sita imepita na hatujawahi kuizungumzia, basi acha niseme mimi, maana ni kazi ya mikono yangu. Nilikupigia simu nikakwambia nimehamia nyumba ya vyumba vinne, njoo na watoto. Ukasafiri siku mbili. Kesho yake mchana, tukiwa mezani, mwenye nyumba akafungua mlango kwa ufunguo wake, akasimama na begi la safari mkononi, akaniuliza, "Fundi, viyoyozi bado tu?" Mrefu alikuwa na kijiko mdomoni. Ulikusanya sahani, ukaziosha zote, ukazipanga kwenye kabati la mwenyewe, ukamwomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lako.

Na pale kituoni hukunigombeza. Ningependa ungenigombeza. Ulisema, "Mdogo wangu, mimi nilikuja kukuona wewe, sikuja kuona nyumba. Siku utakayoniita kwenye kitu chako cha kweli, hata kiwe kigoda, nitakuja." Tangu hapo nimekualika mara nne, kila mara na jambo kubwa kuliko la kwanza, na kila mara zamu zako wodini zimekuwa nyingi. Mimi si mtoto. Hizo zamu nimezielewa.

Lakini hebu tazama kalenda pamoja nami. Wakili anamaliza shule mwakani, na Mrefu vilevile. Desemba hii ndiyo ya mwisho ambayo wote wanne bado ni watoto, ukiwatuma dukani wanakwenda huku wananung'unika. Mwakani huyu ana mtihani, yule ana kazi, mwingine amehama. Watakuja kukutana siku mmoja wetu yumo sandukuni, wapeane mikono kama watu wa ofisi mbili. Sisi tulilala kitanda kimoja, kichwa huku miguu kule, mpaka nikafika miaka kumi. Teke lako la ubavuni bado nalikumbuka, na ndilo linalonifanya nikuandikie. Nataka na wao wawe na mtu wa kumkumbuka kwa teke.

Wiki inaanza Jumamosi tarehe 13 Desemba. Mje na taulo na nguo za kuogelea. Usilete zawadi. Lete zile karata zetu za zamani, ile pakiti iliyopungukiwa mfalme mmoja, tuone kama bado unaiba.

Nisalimie sana Mrefu, mwambie Wakili anatangaza kwamba atamshinda kwa kasia, na kwamba majivuno hayo hakuyaokota njiani. Nisalimie Kimya, mwambie kule kuna kona za kusomea ambazo hakuna atakayemsumbua, isipokuwa mjomba wake. Nisalimie na shangazi yetu wa cherehani. Suruali aliyonishonea bado inanitosha nikivuta pumzi. Wifi yako anakusalimu, anasema umri unakwenda na nyinyi wawili mnaringiana. Mungu akutunzie mgongo wako na mikono yako, maana mikono hiyo imewashika wengi saa ambayo hawakuwa na mtu mwingine.

Haya. Salamu zimekwisha, dua imekwisha, imebaki sahihi, na kalamu imegoma kama ilivyogoma siku ile mbele ya kijana wa mauzo. Wakili alisema nikiandika polepole nitapata muda wa kufikiri. Nimeupata.

Dada, sina wiki yoyote. Sikusaini. Kalamu nilimrudishia, na koti lenyewe lilikuwa la kuazima. Hizo hoteli ninazosema nilikwenda kuchagua, nilikwenda kusafisha mashine zao. Tarehe 13 nitakuwa ziwani kazini, viyoyozi arobaini, na meneja amenipa nyumba ya mafundi kwa siku saba na ruhusa ya kuja na familia. Safari hii nimeuliza kwanza, na yule mama wa shuka ni shahidi. Nyumba iko nyuma ya chumba cha kufulia. Vyumba viwili, bomba liko nje, kiyoyozi hakuna, wala veranda hakuna, ila ukikaa mlangoni gati unaliona. Watoto wameruhusiwa gati na mtumbwi. Chaji anasema bado atalala nje.

Na nimeunda kigoda, kwa mbao za masanduku ya mashine. Mguu mmoja ni mfupi kidogo. Hicho ndicho kitu changu. Yale ya ukurasa wa kwanza ni uongo.

Wako akupendaye, bila chumvi,
Kipupwe