Wingu la Uru na Usukani wa Aikande

Mpendwa mshauri, naomba msaada. Mimi nasoma uhandisi mwaka wa tatu, nyumbani ni Uru, huku mlimani, na darasani tumeunda gari linalotembea kwa jua tulipeleke mashindanoni mwezi wa tisa, na nilitaka sana kuliendesha mimi, lakini mchoro uliochaguliwa ni wa mwenzetu Aikande, usukani akapewa yeye huyo huyo, kila mtu Aikande, Aikande, hata mama alipoona picha akauliza binti huyu ni wa nani, wivu ukanikaba.

Basi ikatakiwa gari lijaribiwe kupanda mlima, na kwa kuwa ni mimi tu niliyekulia huku (Aikande kwao Mwika ila amelelewa Dodoma), wakaniachia nichague siku na barabara, nikachagua Uru, Julai, saa mbili asubuhi. Unajua Julai yetu, wingu halifunguki mpaka mchana. Gari likazimika katikati ya migomba, akina mama waliotoka kukata majani wakatusukuma huku wanacheka, Aikande akalia. Mwalimu akasema dereva amemaliza betri ovyo, usukani akanipa mimi.

Sasa ninao na bado namwonea wivu, maana anashinda karakanani na mwenzetu Filemon wakirekebisha paneli, wanacheka tu. Juzi akaniambia, "Pole kaka, tumekutia aibu kwenu." Nimewaza nimpelekee jani la isale, lile la kuombea radhi kwetu, akiliona si lazima anisamehe? Halafu usukani nibaki nao.
Mwenye Wivu, Uru

Mwenye Wivu, pole, lakini pole yenyewe ni ndogo. Wivu hata mimi ninao. Dada yangu ana ng'ombe mwenye maziwa mengi kuliko wangu, na sijamfungulia zizi. Wewe umewakaribisha wageni kwenu ukawaficha wingu la kwenu! Hukumshinda Aikande, na unajua, ndiyo maana usukani haukunogei.

Sasa unataka isale ikufanyie kazi ya kumfunga mdomo binti wa watu. Thubutu! Anza kwa mwalimu. Mwambie siku uliichagua wewe, na kwa nini. Omba jaribio lirudiwe saa nane mchana, barabara ile ile, Aikande akiendesha, na likikwama usukume wewe. Akishaushika usukani wake, ndipo ukakate isale umpelekee mbele ya Filemon na wenzenu wote. Ukienda kabla ya hapo, kijana, umempelekea majani ya ng'ombe.