Majani Kutoka Siberia

Temeke, Jumatano, 1974

Nimechoka, na usingizi sina. Baba Rehema, anayesomea jinsi mimea ya porini inavyoota pamoja huko Siberia, alimpa mwenzake majani makavu aniletee niyatunze mpaka arudi. Leo natoka bombani na ndoo, nakuta mama mkwe kayachemsha, kamnywesha Rehema kwa ajili ya homa.

"Mama, hayo ni ya masomo."

"Masomo gani, mwanangu? Nani atume majani toka Urusi yaje kuangaliwa tu? Na mie nimekunywa kwanza."

Nimeshinda namgusa mtoto paji la uso, naogopa sumu.

Jioni katoka jasho, kaomba uji.

Sasa nitamwandikiaje baba yake? Nitaanza kwa kumwambia mwanawe kamaliza uji wote.