Mashine ya Shangazi Itazimwa Lini

3 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila nimechoka hadi nasahau kula.

Nina jambo, nimelikalia wiki nzima. Unaijua ile programu yetu ya kugeuza michoro kuwa mishono ya mashine za kudarizi. Inafanya kazi kwenye kompyuta za kila aina, hata za zamani kama yako. Kila tunachoongeza, lazima nikiandike upya kwa ajili ya hizo za zamani, nazo zimebaki chache mno. Wenzangu wamevumilia, sasa wamesema basi. Kuanzia toleo lijalo hatutazihudumia tena. Najua mashine yako haikubali kuunganishwa na kompyuta nyingine yoyote. Nisamehe shangazi, nimejitahidi hadi nimeishiwa nguvu.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, kila asubuhi ndio wa kwanza kunisalimia.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nina beji za sare za shule mbili, na kuna mteja wa mashuka ananisubiri. Niambie tu siku mtakayoizima, niwaarifu watu mapema, nisije nikaitwa tapeli uzeeni. Duka nitamrudishia mwenye nyumba. Sikulaumu. Mkishakuwa wakubwa mna mambo yenu. Wewe hata kuja huji, miaka mitatu sasa, sembuse kukumbuka mashine yangu.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena, na samahani sana kwa kukutia hofu.

Hakuna anayezima kitu. Programu iliyomo kwenye kompyuta yako itaendelea na kazi mpaka kompyuta yenyewe ichoke. Utakachokosa ni matoleo mapya, yale ninayokutumia kila baada ya miezi michache. Hilo ndilo linaloniuma, maana umeyazoea. Nimewaomba wenzangu wasubiri kwanza. Hebu fungua programu, bonyeza palipoandikwa "Kuhusu", uniambie una toleo la ngapi.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo leo umeniachia kidogo, nimeweza hata kuokota pini.

Nimevaa miwani nikabonyeza. Pameandikwa toleo la nne. Hiyo ni nzuri au mbaya?

Hayo matoleo mapya mimi sijawahi kuyaona. Kuna kidirisha huwa kinajitokeza, kinauliza niweke kitu sasa au baadaye. Nabonyeza "Baadaye", wala hakinuni, kinaondoka zake. Mashine inashona vizuri, ya nini kuichokonoa? Nilidhani kinanijulia hali tu. Sasa duka lifungwe au lisifungwe? Nijibu upesi, mwenye nyumba nilishamdokeza.

Shangazi yako

9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Lisifungwe. Mrudie mwenye nyumba leo hii.

Toleo la nne, shangazi! Sisi tuko la kumi na moja. Matoleo saba nimehangaika na kompyuta za zamani nikikufikiria wewe, sikukuu zote nimezimalizia ofisini, kumbe wewe unabonyeza "Baadaye". Nimecheka mpaka mwenzangu akaja kuangalia kama nalia, na kweli nilikuwa nalia. Jana tumeifuta sehemu yote ya kompyuta za zamani. Nimeshusha pumzi, mwili mzima mwepesi. Wewe endelea na "Baadaye" yako, tafadhali. Na likizo nimepewa.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, mara mbili. Mwenye nyumba amenicheka, nami nikacheka naye. Duka bado ni langu, na nimelala usingizi mzito mpaka mteja wa mashuka akaja kunigongea.

Barua yako nimewasomea wateja, nikafika pale penye sikukuu, nikampa mteja wa mashuka amalizie kusoma. Huku mimi nawaambia watu kwamba umenisahau, kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unashinda na mimi huko ofisini, na ofisi nzima inajua, mimi tu ndiye nisiyejua. Ujinga huu tugawane nusu kwa nusu.

Njoo. Chumba chako nilikijaza vitambaa. Nimeanza kuvitoa.

Shangazi yako