Sala Niliyoiokota kwenye Tivii

Jumamosi, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na matope ya Rabai bado yameganda viatuni mwangu. Leo tumemzika Mama Sidi huko.

Naandika hapa kwa sababu sijui pengine pa kulisema hili.

Mama Sidi ndiye aliyenifundisha kuomba. Nilipoolewa nikaletwa Mtopanga sikumjua mtu. Yeye, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akawa ananichukua nyumba hadi nyumba kuwaombea wagonjwa. Hakuwa na mbwembwe. Alimshika mgonjwa kiganja, akamweleza Mungu shida ilivyo, kama mtu anayezungumza na jirani. Miguu ilipomkataa, kazi ile akaniachia mimi.

Nami niliiacha huku bado naifanya. Nilikwenda kwa wagonjwa, nikaomba harakaharaka, nikarudi mbio nisipitwe na tamthilia. Ni ile ya binti aliyekuwa akimuuguza mamake. Nilianza na kipindi cha jioni, kisha na marudio ya mchana. Nilimlilia yule mama wa kwenye tivii machozi ambayo sijapata kumlilia mgonjwa yeyote wa kanisa letu.

Hakuna aliyejua.

Jumanne ya wiki iliyopita Sidi, bintiye, alikuja kuniita. "Dada Kadzo, mama amezidiwa. Anakutaka wewe umwombee."

Chumbani walikuwamo akina mama wanne wa kanisa. Nilimshika Mama Sidi mkono, nikafumba macho, nikangoja maneno. Hayakuja. Nilichokiona ni yule binti wa tamthilia, amepiga magoti kando ya kitanda. Mdomo wangu ukafunguka: "Usimchukue kabla hajaiona mvua ya mwaka huu. Kama mlango umefungwa, nitakaa kizingitini mpaka ufunguliwe."

Neno kwa neno, hata ile sauti ya kutetemeka.

Akina mama walilia. "Amina! Amina!" Mmoja alisema hajawahi kusikia sala kama ile. Na mimi, Mungu nisamehe, nilifurahi kusifiwa.

Walipotoka kwenda kunywa chai, Mama Sidi alifumbua macho. Hapo ndipo nilipoiona tivii juu ya kabati, mkabala na kitanda. Sidi alikuwa amemwekea asikae mpweke.

"Kadzo, mwanangu," akasema taratibu. "Maneno yale ni ya yule binti. Nami nilimsikia."

Nikayakwepa macho yake.

"Sikukasirika. Sasa niombee wewe."

Nilijaribu. Nasema kweli, nilijaribu. Nilifumba macho tena na ndani hamkuwa na kitu. Kimya kama cha nyumba iliyohamwa. Yeye alingoja, kiganja chake kikiwa ndani ya changu. Mwisho nikamwambia, "Mama, nipumzike kidogo. Nitarudi Ijumaa nikuombee vizuri."

"Haya," akasema. "Ijumaa."

Akafa Alhamisi asubuhi.

Tangu siku ile sauti yake hainiachi. Nikifua naisikia, nikipika naisikia. Niombee wewe.

Leo makaburini mchungaji alinisimamisha mbele niombe, "dada yetu mwenye kipawa". Nilitikisa kichwa. Watu wakadhani ni uchungu, wakanihurumia. Huruma ile ilinichoma kuliko kama wangenitukana.

Baada ya chakula nilimfuata Sidi alikokuwa akiosha sufuria, nikamweleza yote. Nilitegemea atanifukuza, au atanikumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisimama na mwiko mkononi, povu likimdondoka.

"Kwa hivyo mama amekwenda bila kuombewa?"

 Akainama akaendelea kuosha. Nami nikachukua sufuria nyingine nikaanza kuisugua, kwa kuwa sikujua niende wapi. Tuliosha zote. Mwisho akasema, "Alhamisi ijayo uje nyumbani. Sijui kama nitataka kukuona, lakini uje."

Nimerudi. Charo, mume wangu, aliniona nilivyo na kwa wema wake akaniwashia tivii nitulie. Nilikaa. Ndiyo, baada ya yote hayo, nilikaa. Kipindi kilipokwisha ndipo nikagundua kwamba nilikitazama chote, na kwamba kwa saa nzima ile sauti ilikuwa imenyamaza.

Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko kifo chenyewe.

Nikaizima. Nimetoka nyuma ya nyumba, nimeketi kwenye jiwe la kufulia, nikasema, "Mungu, mimi Kadzo. Nilimwangusha." Nikangoja mengine yaje. Hayakuja. Sijui kama nimesikiwa.

Alhamisi nitakwenda kwa Sidi. Je, akinipa mkono wake nimwombee, ni nani atakayesema kwa mdomo wangu?