Kompyuta ya Kadibodi na Landrova Mbili

Jumatatu, 5 Juni 1972

Wiki ya pili tangu nirudi Lindi na mtaa mzima bado unaniita Bibi Kompyuta. Kosa langu. Nani aliniambia nishuke kwenye basi na kadibodi kichwani, nikitangaza kuwa ni kompyuta?

Ni ya mafunzo tu, tulipewa kozini Dar. Ile ya kweli tuliiona mara mbili, kupitia kioo. Hii yangu ina visanduku mia vilivyochorwa, kila kimoja na amri yake kwa penseli. Korosho moja inasogea kisanduku hadi kisanduku, kuonyesha tumefika amri ipi. Anayeisogeza ni mimi. Mimi ndiye umeme!

Leo Mzee Likwata, mkuu wetu wa ofisi, kaniuliza kama mashine yangu inaweza kupanga safari ya chanjo ya surua. Vijiji sita, Landrova moja, dawa isiyotaka joto. Nikajibu inaweza — kabla hajamaliza kusema "surua".

Maana chuo cha Dar kinataka mtu mmoja tu kutoka kusini kwa kozi ya pili. Atume programu iliyofanya kazi ya kweli, ifike kabla ya tarehe 30. Mmoja tu. Nimeshachagua gauni la kusafiria.

Jumatano, 7 Juni

Programu imeganda.

Korosho inatoka kisanduku cha 17, inakwenda 23, inarudi 17. Nimeisogeza toka adhuhuri hadi alasiri nikiamini mashine inafikiri sana. Shangazi Kazija, ninayekaa kwake, kasimama na ungo wake akiangalia.

"Kudra mwanangu, hiyo korosho inatufu Kaaba?"

Nikamwambia inahesabu vijiji.

"Basi mizunguko saba imeshapita zamani. Iache ipumzike."

Kozi ya miezi mitatu. Shangazi kaona kwa dakika moja.

Alhamisi, 8 Juni

Nimelikamata kosa! Kijiji kikishachanjwa, nilitakiwa kupunguza moja kwenye idadi ya vijiji vilivyobaki. Nilikuwa naongeza. Kwa hesabu yangu Landrova ingechanja mpaka Msumbiji.

Nimefuta, nimeandika upya. Sasa haizunguki — imesimama kabisa, kwenye 31. Amri ya 31 inasema: kama dawa na sindano haviko pamoja, ngoja. Lakini viko pamoja! Nimeviweka mwenyewe!

Baadaye sana: sindano niliziandika kisanduku cha 46, na amri inazitafuta kwenye 64. Basi inangoja. Ingengoja hadi kiyama. Ofisini kwetu hakuna mtumishi mtiifu kiasi hiki.

Jumamosi, 10 Juni

Imesimama tena. Safari hii sina hatia. Shangazi kala korosho. Kasema ilikuwa imelala kidogo.

Natumia kifungo cha shati.

Jumanne, 13 Juni

Imefika mwisho!! Kifungo kimepita visanduku vyote, vijiji vyote sita, kikatua kwenye "Simama". Nimerudia mara tatu. Nimenakili ratiba kwa mwandiko wangu wa sherehe na kumpelekea Mzee Likwata. Kavaa miwani, kasoma pole pole, kasema, "Ndugu Kudra, hii ni kazi." Papo hapo kaandika barua ya sifa kwa chuo, kaitia bahasha moja na programu. Mfuko wa posta wa Dar unaondoka Ijumaa ya wiki ijayo.

Nimetembea hadi nyumbani kama niliyevikwa taji. Nimejikwaa mara mbili.

Alhamisi, 15 Juni

Habari njema: tumeazimwa Landrova ya pili. Mzee Likwata kauliza kama ratiba itabadilika sana. Nikamwambia haina neno. Nikachukua kalamu na kubadilisha pale pale, nimesimama wima — gari la kwanza na dawa liende Milola, la pili na sindano na jiko la kuzichemshia liende Nyangamara, kisha yakutane. Kadibodi sikuifungua. Ya nini? Mtu mwenye taji hafungui kadibodi.

Valentini, dereva wa gari la dawa, kasoma karatasi mara mbili.

"Dada Kudra, kwa nini tusiende pamoja tu?"

Nikamjibu — naandika hapa ili nione aibu vizuri — "Kompyuta imeshafikiri."

Ijumaa, 16 Juni

Wameondoka asubuhi. Sista Agnes, muuguzi, kapanda na Valentini. Sanduku la dawa limejaa barafu. Gari la sindano anaendesha Leonadi, mtu asiyepinda amri hata ya mke wake. Nimewapungia mkono kama waziri.

Jumatatu, 19 Juni

Barua mbili, lori moja la abiria.

Ya kwanza ya Sista Agnes, kutoka Milola: "Siku ya nne leo. Karatasi inasema tusiondoke mpaka sindano zifike. Hazijafika. Kina mama wamekuja tangu Jumamosi, wengine wamelala shuleni na watoto. Barafu inakwisha."

Ya pili ya Leonadi, kutoka Nyangamara: "Nipo. Karatasi inasema nisiondoke mpaka dawa ifike. Bado sijaiona. Afya njema."

Nimezisoma nimesimama. Nikakaa.

Nimefungua kadibodi. Vifungo viwili sasa, cheusi gari la Valentini, cheupe gari la Leonadi. Nikafuata amri zangu moja moja. Cheusi kikafika 31: dawa na sindano haviko pamoja, ngoja. Cheupe kikafika 31: dawa na sindano haviko pamoja, ngoja. Kila kimoja kinamngoja mwenzake. Hakuna amri hata moja ya kumwambia yeyote amfuate mwingine. Haikuchukua robo saa kuliona kosa. Robo saa ile ile niliyoikataa Alhamisi.

Nilipokuwa na gari moja, dawa na sindano vilikuwa pamoja siku zote. Kwa hiyo ile amri haikupata kungoja kitu. Nikadhani nimeitibu.

Kumi na moja jioni nimekwenda kwa Mzee Likwata, nyumbani kwake. Anamwagilia mchicha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wamemaliza?"

Nikamwambia hawajaanza. Nikamwambia kwa nini. Hakugomba. Kaendelea kumwagilia mche ule ule mpaka maji yakatapakaa miguuni kwetu. Kisha kasema kesho atampata polisi wa redio amfikishie Leonadi neno, aende Milola bila kungoja mtu. Na mimi niombe dawa nyingine hospitali, nitafute barafu, niipeleke mwenyewe.

"Na ile bahasha?" akauliza. "Programu iliyomo ni ya gari moja. Ile haina kosa. Chuo hakitajua."

Nilisema nitafikiri. Mimi! Kufikiri!

Jumanne, 20 Juni

Barafu ya wauza samaki. Dawa ya akiba chupa arobaini tu, mkuu wa hospitali kanihesabia moja moja huku akinitazama. Lori la chumvi linanichukua alfajiri. Shangazi Kazija kanifungia mkate wa kumimina. Hajatania hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatano, 21 Juni. Milola

Nanuka samaki. Barafu imenitiririkia njia nzima na kina mama hapa wakadhani nimeleta changu wa kuuza.

Leonadi alikuwa ameshafika jana na sindano zake, zimechemshwa, zimepangwa kwenye kitambaa. Dawa ya kwanza Sista Agnes kaimwaga yote, ilishapata joto. Tumeanza saa tatu. Kazi yangu kushika mikono ya watoto. Nimepigwa teke, nimeng'atwa, nimetapikiwa. Nastahili. Chupa zimeishia mstari ukiwa umebaki robo. Walioondoka bila chanjo wameniaga kwa adabu. Afadhali wangenitukana.

Mwanamke mmoja hakupanga mstari. Binti Maftaha. Alikuwa kibarazani pa shule na mwanawe Ziada, miaka mitatu, macho mekundu, vipele vimeanza nyuma ya masikio, moto kama jiko. Walifika hapa Jumamosi. Wametembea mwendo wa saa tano.

"Ndiyo tuliambiwa gari lipo," akasema. "Lipo kweli. Tukawa tunalitazama."

Akauliza karatasi ile aliiandika nani. Valentini akaangalia gurudumu. Nikasema mimi. Akanitazama tangu ushungi mpaka kandambili. Akasema, "Kumbe ni mtu."

Sista Agnes kamwambia mbele yangu kwamba surua hukaa mwilini siku kumi kabla ya kujitokeza. Ilimwingia Ziada kabla ya karatasi, kabla ya magari. Hata angechanjwa Jumamosi, ingejitokeza tu. Nadhani ni kweli. Sista hasemi uongo. Lakini sijui alimwambia nani, mama au mimi. Na Ziada alikuwa amezungukwa na watoto wengine siku nne, wamelala mkeka mmoja naye.

Saa nane mchana. Valentini anarudi Lindi sasa hivi kutafuta dawa zaidi. Nimeomba kubaki. Natakiwa kumloweshea Ziada vitambaa na kuandika joto lake kila saa. Saa sita 40.1. Saa saba 40.2. Hataki kunywa chochote tangu jana, kila kijiko anakitema.

Valentini anataka jibu la kumpelekea Mzee Likwata, maana posta ni keshokutwa. Karatasi iko gotini. Nimeandika: "Mzee, shikamoo. Ile bahasha usiitume." Nikakata. Nikaandika: "Itume." Nikakata. Sasa nimeandika: "Iweke na barua za Agnes na Leonadi, zote mbili, na maelezo yangu ya amri ya 31, kisha—"

Valentini kapiga honi. Mara ya pili hiyo. Binti Maftaha ananiita, kanishika bega.

Ziada kaomba maji.