Kamera Iliyofutwa Mpaka Ndani

Baba,

Sijui kama shikamoo inafika huko uliko, lakini kwa malezi yako siwezi kuanza bila hiyo. Shikamoo.

Nyumbani hatujambo. Chumba chako cha kupigia picha pale Gongoni amepanga fundi cherehani. Ubao wenye jina lako ameugeuza, akaandika la kwake upande wa pili. Sikukasirika, ubao bado mzima.

Kamera nimepewa mimi. Arobaini ilipopita, Shangazi Zuhura aligawa vitu vyako, na unamjua dada yako: kitu cha marehemu hakimfikii mrithi kikiwa na uchafu. Kanzu zikafuliwa, viatu vikapakwa rangi, kamera nayo akaipakata na kuisugua. Akanikabidhi inanukia marashi ya waridi. "Nimekufutia mpaka ndani, mwanangu," akasema.

Mpaka ndani! Nilishukuru, nikaigeuza kuitazama. Namba ya juu inayohesabu picha ilikuwa imerudi mwanzo, kama inavyorudi mlango wa nyuma ukifunguliwa, na ulikufa ukiwa umeacha filamu humo, nayo ikiona mwanga huungua. Shangazi aliiona, akafuta pembeni yake kwa heshima zote, akafunga. Kwenye mkoba nilikuta karatasi yako ya kuorodhesha picha. Namba kumi na tano umeandika jina langu: "Tatu kanipiga mimi." Kisha namba nne zaidi, bila maelezo.

Hiyo ya kumi na tano ndiyo niliyoihofia. Umepiga maharusi wa nusu ya mji huu na mapadri wapya wa seminari ya Kipalapala, lakini wewe mwenyewe hukuwa na picha ya uzeeni. Ile ya kitambulisho haihesabiki, inaonyesha masikio tu. Siku ile nilikulazimisha ukae karibu na dirisha. Ulikataa kuweka kifuniko cha lenzi mezani. "Kifuniko ukikiweka chini, hesabu kimepotea." Ukakishika mkononi, ukaanza kunisahihisha: mkono wa kushoto chini ya lenzi, viwiko vibane mbavu, pumzi uizuie. Nilipobonyeza ulikuwa bado unanigombeza.

Basi, nilifuata utaratibu wako. Nilikausha mikono, nikabonyeza kitufe cha chini, nikairudisha filamu polepole mpaka nikasikia imeachia. Polepole, kwa sababu ulisema ukiikimbiza wakati wa kiangazi inajipiga cheche yenyewe. Nikaituma kwa basi kwenda Dar, kwa fundi mmoja ambaye bado anasafisha filamu.

Nikisubiri, nikaondoa marashi ya Shangazi. Vumbi kwanza, kwa lile bomba lako la mpira la kupulizia, si kwa mdomo, maana mate nayo ni maji. Halafu brashi. Kitambaa mwisho, kutoka katikati ya lenzi kwenda nje, bila kukandamiza. Betri nimezitoa zisije zikavujia ndani. Nimeifyatua pia, ili springi zisilale zimekazwa. Mkoba wa ngozi nimeutenga, masika ukungu unauanza huo kabla ya kitu kingine. Kamera iko kwenye ndoo yako ya asali ya kutoka Ipole, yenye mfuniko unaobana, pamoja na mchele uliokaangwa na kufungwa kitambaani, unyonye unyevu. Ndoo hiyo uliisugua siku tatu na ukaapa haina hata harufu. Nilikuta sisimizi mmoja.

Nakukumbuka sana nikifanya hivyo. Nalisema hilo mara moja tu, niendelee.

Majibu ya Dar yalikuja. Kumi na sita mpaka kumi na tisa zimeungua zote. Hizo ulizipiga peke yako baada ya mimi kuondoka, na sitajua kamwe ulipiga nini. Fundi alinieleza kwamba filamu inajizungusha, picha za mwisho zinakaa juu, kwa hiyo ndizo zilizopokea mwanga. Yako ilikuwa chini yake. Zile nne ziliikinga, si yote. Upande mmoja ni weupe mtupu. Upande wa pili kuna jicho, nusu ya mdomo uliofunguka kunigombeza, na mkono umeshika kifuniko. Nililia palepale stendi nilipoipokea bahasha, Baba, na kondakta akanipa maji.

Shangazi alikuwa akiuliza kila Ijumaa, "Picha za kaka zimetoka?" Nikamtengenezea nakala ya hiyo yako, nikaiweka kwenye fremu. Akaitazama sana, akauliza ule weupe ni wa nini. Nikasema ni jua la dirishani, sikujua kupiga. Akanisema kidogo, kwamba miaka yote hiyo ningekuwa nakusikiliza. Kisha akakifuta kioo kwa pembe ya khanga, akakutundika sebuleni kwake. Kila asubuhi anakufuta tena.

Najua utaudhika. Hukuwahi kumweka mtu juani maishani mwako, na sasa watu wanaoingia pale wanadhani hukunifundisha kazi.

Lala salama, Baba. Ndoo nitaifungua kila mwezi na mchele nitaubadilisha, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Na Shangazi hatajua, nakuahidi. Siku atakapokufuata huko, lazima atakuuliza. Nawe mwambie lilikuwa jua.

Mwanao,
Tatu