Sinema ya Baba Katika Gereji

Unionville, Februari 1994

Dada Farhat,

Ya Ali Madad. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua hazijaharibu tena dari la jikoni. Sisi tunaendelea vizuri, ila mkono wa Husein umefungwa bandeji, na nimeona nikuandikie kabla hujasikia kwa watu.

Unaijua ile mashine ya sinema aliyokuja nayo Baba kutoka Tanga, na kopo lake la mkanda. Tangu afike, wimbo wake ulikuwa mmoja: tuitazame sinema ya wale mabwana waliokwenda Ncha ya Kaskazini kwa puto kubwa lenye injini. Ujanani, kabla sinema hazijaanza kusema, yeye ndiye aliyesimama kando ya pazia akiwaeleza watu kwa Kiswahili kinachotokea. Husein aliuliza kwa wajuzi, akaambiwa mikanda ya zamani hizo hushika moto kama petroli. Akakataa. Baba naye akasusa chakula, mpaka huyu mume wangu akasalimu amri. Tukakubaliana iwe gerejini, magari yakae nje, ndoo ya mchanga iwe karibu.

Jumamosi mchana tukatundika shuka, tukafunga mlango ili kupata giza. Walikuja wazee wachache tunaosali nao jamatkhana, pamoja na jirani yetu Wamaitha. Baba alisimama kando ya shuka, kiganja kikiwa ukutani, na Dada, sauti yake ilirudi ujana! “Haya mabwana, barafu hiyo! Hakuna mti, hakuna hata kunguru!” Puto likatua kuwaokoa waliopotea, barafu ikaanza kupasuka, nahodha akabaki chini peke yake. Mashine ilikuwa inakohoa. Husein hakutazama shuka hata mara moja; macho yake yalikuwa kwenye mkanda.

Nahodha alipoishika kamba, mkanda ukakwama. Doa la kahawia likatanda usoni pake, shuka likawa jeupe tupu, na moto ukalipuka kwenye mashine. Watu wakapiga kelele. Wamaitha akauvuta mlango juu. Husein akaifunika mashine kwa blanketi, akaikumbatia, akaitupa nje kwenye theluji, nayo ikaendelea kuwaka kana kwamba theluji ni kuni.

Baba hakusogea. Moshi ulikuwa umemfika kifuani, naye bado anatangaza kwa shangwe: “Anapanda! Kamba imemshika! Puto hilo, linainuka!” Nilimkimbilia nikamvuta nje. Akanigeukia akitabasamu, akaniuliza, “Umewasikia walivyoshangilia?”

Nilipunga mkono mbele ya macho yake. Hakupepesa.

Jioni alinieleza yote. Alisema haoni ila kivuli na mwanga, na kwamba aliisimulia sinema nzima kwa moyo, akifuata mlio wa mashine. Kisha akaniambia kwamba wewe unajua, Dada. Kwamba wewe ndiwe uliyemzoeza kushika mkono wa mtu uwanja wa ndege na kusingizia maumivu ya magoti, na wewe ndiwe uliyemsihi asiniambie.

Nilikukasirikia. Nilishika simu nikutukane, nikaiweka. Nimejiuliza ningejibu nini kama ungeniambia, na jibu ninalo: ningesema abaki kwanza huko atibiwe, baadaye ningepata sababu nyingine, na nyingine tena. Nadhani ulinijua vizuri kuliko ninavyopenda kujuliwa.

Daktari anasema jicho la kushoto limekwisha, la kulia huenda likasaidiwa na upasuaji. Baba amekubali. Sasa asubuhi ananiita nimweleze kilichopo dirishani, na nikieleza vibaya ananikatiza, anataka nianze upya.

Wasalimie wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Husein anakusalimu kwa mkono wake mzima. Na ukiwa na jingine unalonificha, niandikie.

Mdogo wako akupendaye,
Nilofar